Fundi wa Magodoro Aliyeacha Kuketi Nami

Fundi wa magodoro amekufa. Nyinyi watu wa Mji wa Kale habari hii mlikuwa nayo kabla yangu, na mazikoni mlikuja kwa wingi hata kichochoro hakikupitika, kwa hivyo siandiki ili kuwapasha. Naandika kwa sababu ya namna ilivyonifikia. Nilikuwa nimeketi ukumbini nikichovya mkate katika chai, mke wangu yuko jikoni, mara mwanangu akaingia. Si mtoto huyo, ni mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, ndevu zimemjaa. Akasimama mlangoni, hata viatu hakuvua, akasema, "Baba, fundi amefariki alfajiri." Kisha akalia. Hakulia kwa kufuta macho kwa ncha ya shati kama tufanyavyo wanaume. Alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika, mpaka mamake akatoka jikoni na mikono ya unga. Mkate wangu ukayeyukia ndani ya kikombe. Nilisema inna lillahi kama itakiwavyo, lakini nyinyi mnaonisoma mnajua sifichi: jambo la kwanza lililonijia halikuwa huzuni, lilikuwa swali. Mtu huyu alikuwa rafiki yangu miaka arobaini, na miaka mitatu ya mwisho hakuketi nami hata siku moja kwa raha, wala sikujua nimemkosea nini. Haya, mimi nimempoteza rafiki. Huyu mwanangu amepoteza nini hata akalia hivi?

Fundi nilimjua kwa mgongo wangu. Wakati huo nilikuwa hamali katika soko la Marikiti, nikisukuma mkokoteni tangu alfajiri, ndizi, vitunguu, viazi, chochote kilichoshuka, na siku moja nikaitwa kubeba magunia ya sufi kuyapeleka dukani kwake. Nilizoea magunia ya kukuvunja shingo, sasa nainua hili naona kama nimeinua hewa. Nikamwambia kwa mzaha, "Fundi, hii kazi ya kunitia aibu. Watu watasema nimezeeka." Alikuwa amepiga magoti juu ya godoro, na ile shazia mdomoni, sindano ndefu kama kidole cha mkono mara mbili. Akaitoa, akasema, "Usiidharau sufi, yakhe. Hubeba watu wazima usiku kucha wala hailalamiki." Tangu siku hiyo kila gunia la sufi lililoingia kwake lilipita mgongoni kwangu, na nikishamaliza kutua natafuta pa kuketi, na pa kuketi palikuwa hapo mlangoni kwake, kwenye baraza.

Vijana wanaolalia sponji labda hawaijui kazi yenyewe, basi niwaambie kidogo. Godoro la sufi hukaa miaka miwili mitatu, kisha hushikana mabonge, mtu akilala huamka na mbavu zimeingiana. Hapo hupelekwa kwa fundi. Hulipasua mshono, akaimwaga sufi yote sakafuni, akaichambua kwa vidole, kokwa huku, uchafu huku, akaipiga kwa fimbo mbili mpaka ikafura kama povu la maziwa, akairudisha katika kitambaa kipya cha marudufu na kushona pembe kwa pembe. Ni kazi ya vumbi na kikohozi. Na ni kazi ya siri. Mji mzima umelala juu ya mikono ya mtu huyo, na kila mwenye siri katika mji huu siku moja aliificha godoroni. Watu husahau. Fundi akipasua mshono, hutoka barua, hutoka picha, hutoka vitu vyengine ambavyo sivitaji gazetini.

Siku moja nilikuwepo. Lilikuja godoro kubwa kutoka nyumba kubwa, na fundi alipokuwa akitia mkono ndani nikamwona amesita. Akatoa kitu kidogo kimefungwa kitambaa cheusi na uzi mwekundu. Hakukifungua. Alikitazama, akakizungushia kipande cha marudufu, akakitia mfukoni, na jioni akaenda mwenyewe kwa miguu mpaka nyumba ile akakirudisha mkononi mwa mwenyewe. Nani mwenyewe, mume au mke, mpaka leo sijui. Barazani tulimkaba. Tulikuwa watu sita, hatukuwa na haya hata chembe. "Fundi, tuambie." Kimya. "Basi tuambie ni hirizi au si hirizi." Kimya. Mmoja wetu, muuza samaki, akasema, "Haya, usitwambie. Tikisa kichwa tu, sisi tutaelewa." Fundi akacheka, akasema, "Godoro la watu ni tumbo la watu. Ukilipasua, lishone." Akaendelea na shazia yake. Miaka ishirini imepita. Muuza samaki amekufa na swali lake.

Lakini msidhani mtu huyu alikuwa mjanja wa maneno. Kunyamaza alijua, kusema uongo hakuweza kabisa, na ukiyajua haya mawili ndipo utaelewa yote niliyokuja kuyaelewa nikiwa nimechelewa. Huyo huyo muuza samaki siku moja alimkimbia mkewe. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Lamu na yeye hakutaka kuwapokea, akaingia dukani kwa fundi akajizika katika lundo la sufi, akasema, "Mwambie hujaniona." Mara mke huyo, buibui linapepea. "Fundi, masalkheri. Mume wangu hakupita hapa?" Fundi akatazama dari. Akatazama shazia. Jasho likamtoka, na ilikuwa Julai. Mwisho akasema, "Mama, mimi niulize habari za magodoro." Bibi yule akatulia, akatega sikio, maana ile sufi humwingia mtu puani, akasema, "Haya, nakuuliza habari za magodoro. Ni godoro gani hilo linalopiga chafya?" Walahi tulicheka hata maghrib ikatukuta nje. Muuza samaki alitoka mweupe kama kuku aliyenyonyolewa, akaenda kuwapokea wakwe na manyoya kichwani.

Ndivyo tulivyoishi. Kila siku alasiri mpaka maghrib, tuko pale. Muuza kahawa akipita hutumiminia bila kuitwa. Tulizungumza siasa, mpira, bei ya nazi, nani ameoa, nani ameacha. Kisha, miaka mitatu iliyopita, fundi akabadilika. Hakugomba nami. Laiti angaligomba! Mtu akikutukana unajua ulipo. Yeye aliitikia salamu yangu, "Aleikum salaam, alhamdulillahi," akashusha macho kwenye mshono. Nikiketi, anaketi kama mtu aliyekalia msumari. Nikianza hadithi, na mimi hadithi zangu mwazijua zina kona nyingi, anasimama kabla ya kona ya kwanza: "Niwie radhi, nina kazi." Kazi gani? Sponji imeshaua kazi, wiki nzima huenda lilikuja godoro moja. Asubuhi mlango wake ulikuwa umefungwa mpaka saa nne, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Na saa ya kwenda msikitini, aliyekuwa akinipitia nyumbani, sasa akazungukia kichochoro cha nyuma. Nilimwona kwa macho yangu. Mtu wa miaka sabini anaongeza mwendo wa hatua mia ili asikutane na mimi.

Basi nikawa mtu wa kuulizana na nafsi yake. Nilizirudia siku moja moja kama mtu aliyeangusha ufunguo. Nilimcheka mbele ya watu? Nilimcheka, lakini hivyo nilimcheka miaka yote. Nilisahau kumzuru alipougua? Hakuugua. Barazani kila mtu akawa na dawa yake. Mmoja akasema, "Wewe maneno mengi, masikio ya mwenzio yamechoka." Mwengine akasema uzee ukimwingia mtu humfungia madirisha. Mke wangu nilimuuliza, akasema, "Mwache mtu na hali yake," akageuka kwenye sufuria. Nikasema nitajaribu njia ya chakula, maana hapa kwetu chakula hufungua yale ulimi usiyoweza. Siku ya Alhamisi tukapeleka kwao sahani ya vibibi. Mwajua ada yetu: sahani ya jirani hairudi tupu. Mtu aliyekukasirikia hukurudishia sahani yako imeoshwa, imefutwa, yang'ara, haina kitu ndani, na hapo umeshajibiwa. Nikaingoja sahani kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Ikarudi na ndimu kumi na maembe mawili ya boribo juu yake. Nikachanganyikiwa zaidi kuliko ingalirudi tupu. Mtu huyu hataki kuniona, lakini anataka nile maembe?

Kisha yakaja mambo ya posa. Nilitaka kumwoza mwanangu, huyu aliyelia, na mke wangu aliposema tungoje sikumsikiliza. Alikuwa amekonda, halali vizuri, akisema anapata vibarua vya usiku bandarini, nami nikasema atulizwe, aoe. Tukapeleka neno kwa watu fulani wa Tudor, watu wazuri, na wao kama ilivyo desturi wakamtuma mzee wao aje mtaani kwetu kuulizia habari za kijana. Sasa niwape siri ya maulizo haya, kwa wasioijua. Kijana akiwa mwema, majirani husema ni malaika. Akiwa wa kati na kati, husema ni mwema. Akiwa muovu, husema, "Ah, babake mtu mzuri sana." Muulizaji naye ni mtu mzima, anapunguza mwenyewe. Kuna neno moja tu halisemwi kamwe, nalo ni "simjui". Jirani wa miaka arobaini akisema hamjui mtoto aliyezaliwa machoni pake, basi amesema kila kitu, na mwenye kuuliza huvaa viatu vyake akaenda zake. Mzee yule alipita msikitini, akapita barazani, huko kote mwanangu alikuwa malaika. Kisha akapita kwa fundi. Fundi akamwambia, "Babake ni rafiki yangu. Kijana simjui."

Jawabu kutoka Tudor likaja baada ya siku tatu: binti bado anasoma. Mke wangu akauliza, "Anasoma nini mpaka leo, miaka ishirini na sita?" Mimi sikuwa na mzaha. Aliyetwambia lililosemwa na fundi alitwambia neno kwa neno. Nilihisi kama mtu aliyepigwa kofi na mkono uliokula naye sahani moja. Nikaacha kumsalimu. Miezi minne mizima nilipita mlangoni kwake nikitazama mbele kama askari, na yeye, niliona kwa pembe ya jicho, alikuwa akiinua kichwa kila nipitapo.

Ningaliendelea hivyo mpaka kaburini, lakini tabia yangu mbaya ni udadisi. Hasira yangu huchoka mapema, udadisi hauchoki. Mwaka jana nikabeba godoro langu mwenyewe, zima halina kasoro, nikampelekea. Nikamwambia, "Limeshikana." Akalibonyeza. Aliona ni zima. Akasema, "Njoo Alhamisi." Nikasema, "Fundi, siondoki. Nimekukosea nini?" Akasema, "Hujanikosea." "Basi ni mwanangu aliyekukosea?" Akatazama dari, nami nikaona jasho linamtoka. "Sema, bwana! Umemkanyaga mtoto wangu mbele ya wageni, nami nimekuja kwako na godoro mgongoni kama mwombaji. Wataka nini zaidi?" Mshono aliokuwa akishona ukaenda upande, naye alikuwa mtu wa kushona mshono ulionyooka kuliko wa mashine. Akasema, "Kama wanipenda, usiniulize. Kuwa nami mbali, lakini usiniulize." Nikaondoka. Alhamisi nikalichukua godoro langu. Alikuwa amelipasua kweli, akaichambua sufi yote upya na kulishona. Sijapata kulala juu ya kitu laini kama kile, na kila usiku kiliniudhi.

Nilifikiria sana mambo haya, nikajiambia labda ni zama. Zamani mji huu ulikuwa na kazi zinazomlazimu mtu kuketi na watu. Mshona magodoro, mshona kofia, mpika halua, kazi zao zilitaka mikono na macho, masikio yalikuwa bure, basi watu wakaja kuyajaza. Mabaraza yalikuwepo kwa sababu kazi zilikuwepo nyuma yake. Leo godoro hutoka kiwandani limekunjwa ndani ya nailoni, halina historia wala mshono wa kupasuliwa, likichoka hutupwa na siri zake. Mtu akikuepuka leo hujui hata kama anakuepuka. Utasema yuko kwenye simu. Ndiyo, nilijiambia, kazi ya fundi imekufa kabla ya mwili wake, na mtu akifiwa na kazi huona haya kukutana na aliyembebea magunia. Nilijipatia jawabu zuri. Nililipenda. Lilikuwa na kasoro moja tu, si la kweli.

Alipougua safari hii, wiki mbili tu, nilikwenda. Chumba kilijaa watu. Akaninyoshea mkono, akasema, "Niwie radhi." Nikasema, "Tumewiana." Hayo husemwa na kila mgonjwa na kila mzuru. Nilitoka nje sijui lolote zaidi ya nilivyoingia.

Sasa twende makaburini. Fundi hakuwa na mtoto wa kiume. Ana mabinti wawili, wameolewa mbali. Mwili ulipofikishwa, nguo ikashikwa juu ya kaburi, na kama mjuavyo wanaoshuka ndani kumpokea maiti na kumlaza mwanandani ni watu wake wa karibu, damu yake. Akashuka shemeji yake. Akashuka mpwa wake. Nikamwona mwanangu anavua viatu. Nikamshika mkono, nikamnong'oneza, "Wewe wenda wapi? Hapo ni pa wenyewe." Shemeji mtu akainua uso kutoka chini kaburini, mchanga begani, akaniambia mbele ya umma wote, "Mwache ashuke, mzee. Marehemu alimtaja kwa jina." Nikauacha mkono. Mwanangu akashuka, akampokea fundi upande wa kichwa, na alipokuwa akiyafungua yale mafundo ya sanda nilimwona anasema naye taratibu, kama mtu anayemfunika mzazi shuka. Mimi nilisimama juu na konzi langu la mchanga, sielewi kitu.

Mjane wake yuko edani, hapokei wanaume, siwezi kwenda kumuuliza. Ikabidi nimuulize mwanangu. Tuliporudi nikamketisha ukumbini, nikafunga mlango. "Haya. Fundi alikuwa nani kwako?" Akasema, "Baba, mimi nilikuwa teja."

Nitaandika yaliyobaki kama alivyonambia, naye amenipa ruhusa, alisema, "Andika, jina tu usitaje." Hakukuwa na vibarua vya usiku bandarini. Kulikuwa na unga, ule wa kulevya. Miaka mitatu iliyopita fundi alimkuta nyuma ya Marikiti, amejikunyata ukutani, anatetemeka, kamasi zinamtoka. Hakumkaripia. Alimwinua, akamchukua dukani, akamlaza juu ya sufi. Mwanangu akamshika miguu, akamwambia, "Ami, nifanye utakavyo, baba asijue." Fundi akampa ahadi, na akampa sharti. Iko zahanati inayotoa dawa ya kuacha unga, dawa ya kunywa, lazima uinywe kila siku mbele ya muuguzi. Fundi alimpeleka. Siku ya kwanza, ya pili, ya mia. Ndiyo sababu mlango ulikuwa umefungwa mpaka saa nne. Kisha humrudisha dukani akachambua sufi chumba cha nyuma mpaka jioni, ili mikono iwe na la kufanya. Ile siku niliyokwenda na godoro langu, mwanangu alikuwa chumba cha nyuma, amekaa juu ya gunia, amejifunga kitambaa usoni asikohoe. Alisikia kila neno.

Nikamuuliza habari ya Tudor. "Alinambia mwenyewe, jioni ile ile," akasema. "Alinambia, 'Siwezi kuwaambia wewe ni mzima, ni binti wa watu. Siwezi kuwaambia wewe ni mgonjwa, nimekuahidi. Nimesema sikujui, na babako hatanisamehe.' Akalia, baba." Nikaona sasa yote. Mtu asiyejua kusema uongo atakaaje nami barazani saa mbili kila siku, nami namsifia kijana wangu na kazi zake za bandarini? Angetazama dari. Jasho lingemtoka. Ningejua kabla kahawa haijapoa. Hakuwa na njia ya kutunza siri ya mwanangu ila kuwa mbali na mimi. Alinipenda tangu zamani, na ilimbidi achague nani anamhitaji zaidi.

Hapo nikasema, na nilisema kwa hasira, "Lakini mbona mimi nisijue? Mimi si babako? Ningekumeza?" Mwanangu akanitazama. Akasema, "Baba, hukumbuki ulichosema barazani alipozikwa yule kijana wa kina muuza samaki?" Sikukumbuka. Akanikumbusha. Kijana yule alikufa kwa unga, na mimi, nikiwa na kikombe mkononi, watu wananisikiliza, mwajua ninavyopenda kusikilizwa, nilisema: "Mwanangu mimi akigusa kitu hicho, namvua jina langu. Akifa simwoshi, simsalii, mbwa wamzike." Watu walisema, "Kweli, kweli." Fundi alikuwa hapo. Mwanangu alikuwa amesimama nyuma yangu, amekuja kuniita chakula, na kitu chenyewe alikuwa nacho mfukoni.

Nilikwenda jikoni. Nikamuuliza mke wangu, "Ulijua?" Akasema, "Nilijua." "Tangu lini?" "Tangu siku fundi alipomchukua. Yeye alikuja kunambia mimi." "Mbona hukunambia?" Akafuta mikono, akasema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kelele, "Ulisema mbele ya watu, bwana. Ulisema mara mbili." Kumbe miaka mitatu nilikuwa namchunguza mtu mmoja aliyekaa mbali nami, na ndani ya nyumba yangu walikuwa wawili, mmoja nala naye, mmoja nalala naye.

Hitima ilipokwisha, siku ya nne, niliamka mapema nikavaa. Mwanangu alikuwa anafunga viatu. Nikamwambia, "Twende." Hakuniuliza wapi. Tulikwenda kwa miguu mpaka zahanati. Palikuwa na foleni ya watu, vijana na wazee, akina mama wawili, watoto wa watu wote. Muuguzi wa dirishani ni msichana wa bara, mcheshi, anawajua wote kwa majina. Alipomwona mwanangu uso wake ukabadilika. Akasema, "Pole sana. Tumesikia umefiwa na baba. Yule mzee alikuwa hakosi hata siku ya mvua." Mwanangu akanigeukia, akafungua mdomo. Muuguzi naye akanitazama mimi, akauliza, "Na wewe, mzee, ni nani wake?" Watu nyuma yetu walikuwa wanangoja. Nikasema, "Nimekuja kushika nafasi ya yule mzee." Akaandika, akatoa kikombe, mwanangu akanywa. Tulipotoka nje akaninong'oneza, "Baba, mbona hukumwambia wewe ndiye baba?" Nikamwambia, "Ngoja kwanza anizoee."

Sina elimu, na ninaloweza kuwaachia ni hili tu. Ukiwa na rafiki aliyekuwa wako na leo hakutazami usoni, utajiuliza kama mimi: amepatwa na nini, nimemtendea nini. Uliza, si vibaya. Lakini kabla hujambebea godoro mlangoni kwake, kaa peke yako ukumbuke uliwahi kusema nini ukiwa umeshiba, watu wakikuitikia kweli, kweli. Huenda rafiki yako hajakuchoka. Huenda ana neno lako mikononi mwake, na wewe mwenyewe ndiye uliyemwonyesha kwamba kwako hapana mahali pa kulitua. Mimi nilijiuliza kila kitu kuhusu fundi. Kuhusu mdomo wangu sikuuliza, na yeye ambaye ningemuomba radhi kwa dhati nimemtupia mchanga na mikono hii.